Siku Nilipoyamwaga Maji ya Mama

Miaka mitatu niliyokaa Chato, kando ya ziwa, niliwachosha wanawake wa huko kwa habari za Shinyanga. Tukikaa kupaa samaki, wao wanazungumza habari za nyavu na waume zao, mimi nawakatiza. Kwetu kuna stesheni. Kwetu linapita gari la moshi. Kwetu kuna maduka ya Wahindi barabara nzima, kuna kinu cha pamba, kuna mnada wa ng'ombe ambao vumbi lake ukiliona kwa mbali utadhani nchi inaungua. Wale wanawake wa Kizinza walikuwa wapole, walinisikiliza. Mmoja tu aliniuliza siku moja, kama kwetu ni kuzuri kiasi hicho, huku nimefuata nini. Nilimnunia mpaka jua likazama.

Nilifuata mume, nini tena! Mume wangu alikuwa mchuuzi. Habari za dhahabu ya Geita zilipoenea, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka Shinyanga akaelekea huko, huyu na sururu, yule na karai. Wangu hakuwa mtu wa kuchimba, mikono yake laini, lakini akili alikuwa nayo. Alijua wachimbaji wanakula. Basi akawa ananunua samaki Chato na kuwapeleka Nyarugusu machimboni, na mimi nikakaa ziwani kuwapasua, kuwatia chumvi na kuwaanika. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Tulimwacha kwa mama yangu Shinyanga. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kwetu mtoto akishaachishwa ziwa, kukaa kwa bibi yake ni kawaida, tena bibi asipopewa mjukuu huona amedharauliwa.

Tulisema mwaka mmoja. Ukawa miwili, ukawa mitatu, maana bwana kila mara alikuwa na lake: mara hatuna nyumba, mara masika, mara subiri kwanza nirudi Nyarugusu. Mwishowe tukapata nyumba ya vyumba viwili, nikamwambia naenda kumchukua mwanangu, utake usitake. Akasema nenda. Hicho ndicho kilichonirudisha Shinyanga. Nilikwenda kumchukua mwanangu, basi, sikuwa na safari nyingine.

Nikavuka kwa mashua mpaka Mwanza, nikapanda gari la moshi. Nilifika Shinyanga saa ya jua kali, kiangazi kimeshika kweli kweli. Nikateremka na vikapu vyangu viwili vya samaki, nikasimama, nikaangalia. Nikadhani nimeteremka kituo sicho.

Ile stesheni niliyowapigia Wazinza kelele ilikuwa kijumba kimoja na paa la bati, na karani ndani yake anajipepea kwa karatasi. Ile barabara ya maduka, ukisimama mwanzo wake unaona mwisho wake, na mwisho wake mbuzi amelala katikati. Kinu cha pamba kilikuwapo, ndiyo, lakini mbona kifupi hivi? Na vumbi! Wallahi, sikumbuki kama lile vumbi lilikuwapo nilipokuwa nakaa pale. Nikamuuliza mchukuzi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia, "Kumetokea nini hapa?"

"Hapa wapi, mama?"

"Hapa mjini."

Akaangalia huku na huku. "Hakujatokea kitu," akasema, na akaniangalia mimi kama ndiye niliyetokewa na kitu.

Nilishikwa na hasira za mtu aliyeibiwa. Si kwamba Chato ilikuwa mji. Chato ilikuwa vibanda na harufu ya samaki, mtu asinidanganye. Lakini mji niliokuwa nao kichwani, niliokuwa nautembelea kila nikichoka kupasua samaki, ulikuwa mkubwa na una kivuli. Nani ameupunguza? Nilitembea mpaka kwa mama nikitafuta wa kumlaumu. Kila aliyenisalimia njiani nilimwitikia kwa nusu mdomo.

Nyumba ya mama ilikuwa pembeni mwa mji, upande wa mtoni. Baba yangu, aliyekuwa mfanyabiashara kutoka Tabora, damu yake nusu ya pwani, alikwisha kufa zamani. Mama alikuwa Msukuma wa Didia. Alisilimu alipoolewa, akawa mtu wa sala tano, lakini salamu na hasira zake zilibaki za Kisukuma. Aliponiona alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Nikatolewa kiti. Kiti, mimi, nyumbani kwetu! Mama mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka.

Halafu binti yangu akatoka ndani. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia, mikono imekwisha nyanyuka. Alikuwa amerefuka, shingo yake ni yangu tupu, na kanga imefungwa vizuri kifuani. Akapiga magoti mbele yangu, macho chini. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akageuka kwa mama yangu. "Mayu, nimpe mgeni maji ya kunywa?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Mama yangu ndiye alikuwa mayu, mimi nilikuwa mgeni. Nikayanywa yale maji.

Baada ya hapo akaniletea maji ya kuoga. Bakuli moja, hata halikujaa. Nikaliangalia. Nilikuwa na masizi ya gari la moshi mpaka masikioni, nina jasho la siku nne, nanuka samaki wangu mwenyewe. Nikasema moyoni, hivi ndivyo wanavyonipokea? Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta wa jiko, ulikuwapo mtungi mkubwa wa mama, umefunikwa kwa kifuniko cha ungo mkuukuu, umejaa pomoni. Sikumuuliza mtu. Nilijitwisha ule mtungi mpaka uani kwenye kuogea, nikaoga kama ninavyooga Chato: kichwa, mwili, nikarudia tena mara ya pili, nikafua kanga yangu ya safari, na yaliyobaki nikajimwagia miguuni kwa ajili ya ubaridi tu. Nikauacha mtungi umelala kifudifudi. Nilitoka uani naimba.

Mama alikuwa amesimama pale. Aliuangalia mtungi, akaiangalia ardhi ilivyolowa. Binti yangu akachuchumaa, akaweka kiganja chake kwenye ule udongo wenye maji. Akaniangalia, na hakuwa amekasirika. Aliniangalia tu, kama watoto wanavyomwangalia mlevi anayepita barabarani.

"Mayu," akamwambia bibi yake taratibu, "yale yalikuwa ya mpaka keshokutwa."

Sasa niseme kweli. Mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Mtoni pale kiangazi hakuna maji ya kuonekana, ni mchanga mtupu. Unachimba kisima cha mchanga mpaka kifuani, unangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, unayachota kwa kata. Mtungi kama ule ni asubuhi mbili za kungoja. Maji yaliyooshea mtama yanaosha vyungu, yaliyoosha vyungu wanakunywa mbuzi. Nilijua hayo kabla sijajua kusema vizuri. Miaka mitatu tu ya ziwa, na mkono wangu ulikuwa umesahau yote.

Unadhani niliomba radhi? Thubutu! Aibu iliponipanda niliigeuza hasira pale pale. "Maji!" nikasema. "Nimetoka safari ya siku nne, mnanipimia maji kwenye bakuli! Mji gani huu? Watu wanaishije hapa?"

"Hakuna aliyekugombeza," mama akasema. "Wewe ni mgeni. Njoo ule."

Nikala, ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa niliyokuwa nayaota Chato. Nikaona yana mchanga. Nikayasema hayo pia.

Magharibi ilipoingia niliona mama ametoka mlangoni, ameinama, amepiga viganja vyake kwenye udongo mkavu, akajipaka usoni na mikononi. Alitayamamu. Mwanamke mzima, mwenye nyumba yake, anatia udhu kwa vumbi kwa sababu binti yake amejimwagia maji miguuni. Akanyoosha mkeka wake akasali. Wala hakunitazama, na laiti angenitazama ningepata mahali pa kuanzia kuomba msamaha.

Asubuhi nilitangulia kuamka, nikachukua mtungi na kata, nikasema nakwenda kuyalipa yale maji. Binti yangu akanifuata nyuma bila kuitwa. Mtoni wanawake walikuwa wamekwisha kaa, kila mmoja kwenye kisima chake, vibuyu vimepangwa. "Mwangaluka!" wakanisalimu. Nikaitikia. Alikuwapo mmoja, jirani wa mama, tumekua pamoja, mdomo wake haujui kupumzika.

"Haa! Wa ziwani kaja!" akasema. "Shoga, huku hatuna samaki, angalia usije ukatupa nyavu."

Wakacheka. Nami ningecheka, zamani. Siku ile nilikunja uso nikaingia kisimani.

Kazi ya kisima cha mchanga si ya nguvu. Unakaa, unangoja, unachota juu juu kwa mdomo wa kata, unangoja tena. Mwenye haraka akikwangua chini hupata tope, na akiendelea, kingo zinalegea. Niliyajua hayo pia! Lakini nilikuwa nimezoea kuinamia ziwa na kujaza ndoo kwa mkupuo. Nikachota mara tatu, nikaona nusu kata. Nikakwangua. Nikakwangua tena kwa hasira, nikiusema mto, nikiusema mji, nikimsema na mume wangu aliyenichelewesha. Mchanga ukaporomoka wote, ukanifunika miguu, na kata nayo ikazama humo humo.

Wanawake wakaangua kicheko. Yule shoga yangu alishika mbavu. "Jamani, huko ziwani wamemroga mwenzetu!"

Binti yangu hakucheka. Alinishika mkono kunitoa, akaingia yeye, akaanza kuutoa mchanga kwa viganja. Aliutoa polepole, akazipigapiga kingo ili zishikamane, akapanga vijiti pembeni, akaketi kungoja. Maji yalipoanza kurudi, akanitazama. "Usiyaguse sasa," akaniambia. "Yakituona tuna haraka hayaji."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia mimi, alipokuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Au labda mama aliniambia mimi. Sikujua tena nani kamwambia nani, ila nilijua kuwa mimi si wa kumfundisha mtoto huyu kitu pale.

Tulingoja muda mrefu. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamsimulia ziwa. Nikamwambia huko hakuna kungoja, unatembea tu mpaka maji yanakufika magotini na ndoo imejaa. Nikamwambia habari za nyumba ya vyumba viwili, na samaki kila siku, na gauni nitakalomshonea. Alinisikiliza vizuri, kichwa ameinamisha.

"Na maji yale ni ya nani?"

"Si ya mtu. Ni ya wote."

"Kwa hiyo hakuna zamu?"

"Hakuna zamu."

Akafikiri. Ng'ambo yetu wasichana wawili wa rika lake walikuwa wamelaliana migongo, wanapigiana hadithi huku wakingojea kisima chao. "Basi huko mnakutana wapi?" akauliza.

Nikajibu jibu la ovyo, sijui nilisema sokoni. Tulirudi na nusu mtungi. Jua limekwisha kuwa kali, na mimi mgongo unaniuma, na nilikuwa na hakika kwamba mtoto mwenye akili hawezi kuchagua maisha yale akipewa mengine.

Siku zilizofuata sikupumzika kusema. Ndiyo, najua, nilijisikia mwenyewe nikisema, kama mtu anavyosikia mlango ukigongagonga kwa upepo, na sikuufunga. Nzi walikuwa wengi. Mji ulinuka ngozi za ng'ombe. Wenye maduka walikuwa na kanga zile zile za mwaka ule nilioondoka. Mama alinichemshia michembe, viazi vilivyokatwa vikakaushwa, akaniwekea na karanga zilizopondwa kama nilivyopenda utotoni. Nikala viwili nikasogeza sahani, nikasema Chato viazi vinaliwa vibichi, yaani havijakaushwa, vina ladha. Mama akaichukua sahani akaifunika. Hakuna aliyenijibu, na jinsi wasivyonijibu ndivyo nilivyozidi.

Siku moja kabla ya kuondoka kwangu yule shoga alikuja kukaa barazani. Alinitania kidogo, kisha akaacha utani akaniuliza, "Mtoto unamchukua kweli? Bibi yake atakaa na nani?"

Nikamjibu kwa sauti kubwa. "Mwanangu hatazeekea kwenye vumbi hili akifukua mchanga kama panya. Hapa si mahali pa watu."

Shoga yangu akanyamaza. Mtu yule kunyamaza si jambo dogo. Akajifunga kanga yake vizuri, akaaga kwa Kisukuma, akaondoka. Nilipogeuka nikamwona mama amesimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi, na nyuma yake binti yangu.

"Ni mwanao," mama akasema. "Uchungu ni wako, sikuzuii. Lakini sitamtoa nyumbani kwangu analia. Muulize mwenyewe. Akisema ndiyo, nitamfungia na njugu za njiani."

Nilifurahi. Nilidhani nimeshinda. Nikamwambia mama nitamuuliza asubuhi, na moyoni nikawa napanga atalala upande gani wa chumba.

Asubuhi nikamweka binti yangu katikati ya magoti yangu nimsuke kwa safari. Gari la moshi lilikuwa la jioni. Nywele zake zilikuwa nzito, zina mchanga chini kabisa, nikamchana taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakunifanya mgeni. Aliegemea goti langu. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa nilipomuuliza.

"Utakwenda na mimi, mama?"

"Huko ni kuzuri?"

"Kuzuri sana."

"Na wewe ulipokuwa unakaa hapa, hapa palikuwa pazuri?"

"Palikuwa pazuri," nikasema. Ilikuwa kweli. Nilisema upesi kwa sababu ilikuwa kweli.

"Halafu ukaenda."

"Nikaenda."

Akaanza kuchorachora udongo kwa kidole cha mguu. "Basi nikienda, na mimi siku nikirudi, nitamwona mayu hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo unavyotuona."

Vidole vyangu vikasimama. Kwa mlango wazi nilimwona mama jikoni anapepeta njugu, ananisikia, hainui kichwa. Ningeweza kusema hapana. Watu huwaambia watoto hapana kila siku, wakapanda nao gari la moshi, na watoto wakakua. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikauona ule mtungi umelala kifudifudi, na viganja vya mama kwenye vumbi, na nikajua kwamba huyu mtoto ameyaona yote hayo siku tano mfululizo kwa macho yake mwenyewe, na kwamba nikimdanganya atajua.

"Sijui," nikasema. "Labda."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima aliyeuliza bei. "Basi sitaki," akasema. Hakulia. Akabaki amekaa palepale, shingo ameinamisha, anangoja nimalizie.

Hasira niliyokuwa nayo saa ile sijapata kuwa nayo tena maishani, na nimeishi sana. Nilimkasirikia mume wangu kwa ile miaka yake mitatu. Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza, wakati angeweza kunigombeza siku ya kwanza tukayamaliza. Nilikasirikia hata ziwa. Nikatafuta ndani ya mji ule wote kitu cha kuvunja, na nilichokuwa nacho mikononi ni nywele za mwanangu tu.

Nikamsuka. Nikamalizia upande uliobaki, mstari kwa mstari, maana huwezi kumwacha mtoto na nusu ya kichwa. Jioni nikapanda gari la moshi peke yangu.